Leth ya zamani si skrepu, shida yake ni umeme tu

Kwa Mhariri,

Assalam aleikum na poleni na kazi. Mi ni fundi wa leth, mashine ya kukereza chuma, hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, na kuandikia gazeti si kawaida yangu lakini hili limenikaa rohoni wiki nzima. Juzi nilikuwa gatini nangoja vyuma vyangu kutoka Mokowe nikaona mashua inapakia skrepu, mabati, feni, injini zilokufa, na katikati yake kitanda cha leth, lile pande refu la chuma la chini yake, kizima kimelazwa ubavu. Nikamuuliza yule kijana anayepakia, hii nayo yaenda wapi? Akanambia ameinunua kwa kilo. Kwa kilo! Nikamuuliza ilikuwa na ubaya gani, akasema mwenyewe alimwambia mota haiwaki na tena ni ya fezi tatu, umeme wa viwandani, nani ana fezi tatu huku.

Nikainama nikapitisha kidole kwenye reli za kitanda. Karibu na kichwa zimelika kidogo, pale ambapo kila leth hulika, kwengine kote ziko sawa. Chuma kile kimemiminwa kabla huyo kijana hajazaliwa na kingeweza kufanya kazi mpaka wajukuu zake waoe. Sikuwa na pesa mfukoni siku hiyo, na mashua ikaondoka.

Sasa naandika kwa sababu mimi mwenyewe leth yangu ilikuwa na ugonjwa huohuo na ikapona, na najua kuna nyengine zimefunikwa turubai katika magereji na vyuo vya ufundi pwani hii zangoja mtu wa kilo.

Yangu niliipata Mombasa kwa karakana ilokuwa inafungwa. Ni ya Kiingereza, kibati cha jina kimeng'oka zamani, skurubu zake zote ni za inchi. Kuileta hapa ni hadithi peke yake, lori kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, pale tukaifungua vipande tukaivusha kwa mashua, halafu kutoka gatini mpaka Langoni mwavijua vichochoro vyetu, gari halipiti na punda hawezi kubeba kitanda cha leth, ikabidi vijana wanane na magogo chini yake kama watu wanaoshusha jahazi majini, kona moja tu ilituchukua tangu alasiri mpaka magharibi na ukuta wa mtu nikaulipia.

Ikafika ikakaa miaka miwili. Mota yake ni fezi tatu volti 415 na dukani mwangu nina fezi moja volti 240 kama nyumba yoyote. Kuvutiwa laini ya fezi tatu niliambiwa bei nikarudi nyumbani kimya. Wengine wakanishauri niitoe mota niweke ya fezi moja ya posho mill, inawezekana, lakini hizo zinatetemeka na chuma ukikikereza kinatoka na mawimbi kama mchanga wa Shela maji yakitoka.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu anayesomea umeme Mombasa. Alikuja likizo akanambia, mjomba, wewe wahitaji inveta. Nikamwambia inveta ninayo ya sola, akacheka. Si hiyo. Hii ni inveta ya mota, unaingiza fezi moja, ndani yake umeme unageuzwa uwe wa moja kwa moja kama wa betri halafu unakatwakatwa tena utoke fezi tatu, na hertzi, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde, unachagua wewe. Hapo ndo utamu wenyewe ulipo manake spidi ya mota inafuata hertzi, yangu kwenye hertzi 50 inazunguka mara 1440 kwa dakika, ukishusha mpaka 25 inakwenda kama nusu yake, bila kugusa mkanda, kwa kinobu kama cha redio.

Ya kilowati moja na nusu nilinunua elfu ishirini na kitu. Nikadhani ni kufunga waya tu. Wapi.

Kitu cha kwanza watu hawaambiwi dukani, inveta ya kuingiza 240 haitoi 415, inatoa fezi tatu za 240. Kwa hivo koili tatu za mota lazima zifungwe pembetatu, ncha ya hii kwa ncha ya mwenzake, si nyota ambapo zote zakutana kwenye fundo moja. Mota mpya ukifungua kisanduku chake utakuta ncha sita, unahamisha vibati vitatu umemaliza. Yangu ilikuwa na ncha tatu tu, ile nyota imefungwa huko ndani, imezikwa chini ya koili na kufungwa kwa uzi. Fundi wa kusuka mota alikaa nayo siku nzima akiipasha moto polepole ili ile vanishi kuukuu ilainike isije ikapasuka, akalipata fundo, akalikata, akatoa nje ncha zote sita. Leth nyingi zimeitwa mbovu kwa sababu ya fundo hilo moja, mtu amefunga inveta, mota imezunguka kama mgonjwa isiweze hata kukata alumini, akasema hii imekwisha.

Ya pili ni soketi. Fezi moja ndo inayobeba mzigo wote, kwa hivo mota inakula kama ampia sita kwa kila fezi yake lakini upande wa kuingia inavuta kama kumi na nne. Soketi ya kawaida ya ampia 13 inaweza kuyeyuka. Vuta waya mnene peke yake kutoka kwenye meta, weka breka ya 20, na athi, waya wa kuingia ardhini, iwe athi kweli isiwe mkia wa waya uliofichwa nyuma ya mbao.

Halafu kuna hili la gia, na hapa nabishana na vijana kila siku. Wakishaona kinobu wanasema gia za nini tena, zitolewe. Haya, toa uone. Inveta ikishusha spidi haikuongezei nguvu, mota ya kilowati moja na nusu kwenye hertzi 25 inakupa robo tatu ya kilowati basi, na feni yake iko kwenye shafti yake mwenyewe kwa hivo ukiiendesha polepole sana inajipikia humohumo. Flanji ya propela ya boti, kitu cha upana wa sahani, utaikereza kwa gia ya chini na hertzi za juu. Mimi sishuki chini ya 20 na sipandi juu ya 65, ukipita 50 nayo nguvu ya kuzungusha yaanza kupungua.

Sasa niwaeleze nilivyotaka kujiua. Inveta ina sehemu ya kuiambia mota isimame ndani ya sekunde ngapi. Nikaona sekunde moja ni sawa, ya kisasa. Leth yangu chaki yake, si ya ubaoni, hii yenye taya za kushika chuma, imefungwa kwenye spindo, ile shafti inayozungusha chuma, kwa tredi, yaani yaingia kwa kuzungushwa kama nati. Ukikata, nguvu ya kisu inazidi kuikaza. Lakini ukisimamisha spindo ghafla ile chaki yenye kilo zake bado inataka kuendelea na safari, ikajifungua yenyewe, ikaanguka kitandani, ikaruka, ikatembea sakafuni mpaka mlangoni na mzee mmoja alokuwa amekaa kibarazani anakunywa kahawa akainua miguu yote miwili hewani. Kahawa ilimwagika, alhamdulillahi ni kahawa tu. Siku hizi nimeweka sekunde nane na nangoja. Kama yako chaki inashikwa kwa kamu, vishikio vya kuifunga isijifungue, utaweza kupunguza, kama ni ya tredi, ngoja.

Kompyuta ndo ilikuja mwisho. Mpwa wangu akaleta kadi ya Arduino, kitu kilichoanzia Italia mwaka 2005 (si hawa Wataliano wetu wa Malindi), kadogo kanaingia kiganjani. Tukabandika sumaku kwenye spindo na sensa karibu yake, kila mzunguko inapiga moja, kadi inahesabu na inaandika kwenye skrini spindo inazunguka mara ngapi kwa dakika. Mimi sasa naiambia kipenyo cha chuma na inapiga hesabu yenyewe, chuma laini kwa kisu cha kawaida nataka kiende mita 30 kwa dakika, kwa hivo shafti ya milimita 50 ni kama mizunguko 190, ya 25 ni kama 380. Zamani nilikuwa nakisia kwa sikio. Kadi inaiamrisha inveta kwa volti kutoka sifuri mpaka kumi, yenyewe inatoa tano tu kwa hivo kuna kijisakiti katikati cha kupandisha, mpwa wangu alikichoma kwa solda usiku mmoja na mbu.

Tulipowasha mara ya kwanza skrini ikasema spindo inazunguka mara 3000. Spindo imesimama! Na wakati huohuo jirani akapiga kelele kwamba redio yake inanguruma na hasikii taarifa ya habari. Zote mbili ni dhambi moja, inveta inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na waya wake wa kwenda kwa mota unakuwa antena. Dawa yake ni waya wenye ngao ya nyuzi nje, ngao ifungwe athi, na waya wa sensa usilale pamoja na waya wa mota hata kidogo. Jirani redio yake ikatulia, na skrini ikasema sifuri.

Kuna wanaokuja dukani wakiona skrini wanasema fundi siku hizi ana CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta. Hapana, tusidanganyane. Ile mashine ya kwanza ya kuamrishwa kwa namba walioionyesha chuo cha MIT kule Marekani 1952 ilikuwa inasoma utepe wa karatasi wenye matundu na kusogeza kisu yenyewe. Yangu kisu bado kinasogezwa na mkono huu. Nilichobadilisha ni mzunguko wa spindo tu na kwa kazi zangu imenitosha, shafti za boti, bushi, pini, vikombe vya pampu.

Ila tredi zinanichoma. Leth ya inchi kukata tredi ya milimita kwa usahihi yataka gia ya meno 127, manake inchi ni milimita 25.4 na 127 ni tano mara hiyo, na gia hiyo yangu ilipotea kabla mimi na leth yangu hatujajuana. Injini za Kijapani hizi wavuvi wanazotumia nati zake zote ni za milimita. Hatua inayofuata ni kufunga enkoda kwenye spindo, yenye alama elfu kwa mzunguko badala ya sumaku moja, na mota ndogo inayosogea hatua kwa hatua kwenye skurubu ndefu ya kusogeza kisu, kompyuta ishike hesabu ya meno yenyewe. Programu ya LinuxCNC inaweza na ni ya bure. Mpwa wangu anasema likizo ijayo inshallah, likizo ya pili hii asema hivo.

Kwa wenye kutaka kujaribu, inveta msiiweke nyuma ya leth ambapo vumbi la chuma litavutwa na feni yake, na hapa kwetu hewa ni chumvi tupu, iwekeni ndani ya sanduku la kufungika juu ukutani. Ukizima usitie mkono, ndani kuna kapasita zinabaki na umeme, ngoja dakika kumi kunywa chai. Na hili nasisitiza kwa sababu stima yetu yaijua njia ya kwenda na kurudi: hakikisha ikirudi leth isijiwashe yenyewe, mpaka ubonye kitufe upya. Mtu anaweza kuwa ameweka mkono kwenye chaki anapima.

Sasa mhariri, wenye vyuo vya ufundi nawaambia kupitia kwako. Nimeingia kimoja, sikitaji, nikakuta leth tatu zimefungwa kwa vumbi na vijana wanachora leth ubaoni. Wanachora! Na kwetu hapa kukereza si jambo geni, miguu ya vitanda vya Amu ilikuwa ikikerezwa kabla bibi zetu hawajaolewa juu yake. Bandari mpya gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, makreni yanaonekana kutoka mbali, lakini mvuvi wa Kizingitini shafti ikipinda bado anaitia kwenye basi kwenda Mombasa na boti inakaa juu wiki. Leth moja ya hizo tatu, mota ikafunguliwa nyota, inveta ikanunuliwa, vijana wakafunga wenyewe chini ya mwalimu, wangekuwa wamejifunza umeme na ufundi wa chuma kwa pamoja na kazi ingekuwepo.

Na wewe mwenye leth chini ya turubai, kabla hujamwita mtu wa kilo, chukua kitambaa na mafuta ya taa usafishe kibati cha mota usome. Ukiona imeandikwa volti mbili, 220 na 380, au 240 na 415, na kialama cha pembetatu kando ya ile ndogo, usiuze. Ukiona 415 peke yake usiuze vilevile, njoo Langoni uulize duka la leth karibu na soko, fundi wa kusuka nitakuonyesha.

Wenu,
Fundi wa Langoni, Amu