Tunaomba majibu ya maandishi yenye sababu

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Arua, Uganda, ambako kazi yangu ni kuwapigia watu chapa: maombi ya kazi, hati za mauziano ya ardhi na, zaidi ya yote, malalamiko. Wateja wangu wengi ni wastaafu na wajane. Wakifika kwangu huwa wameshapita kwa mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji au mtaa) na kwa RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), na wengine wameshalia redioni. Ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, tunayoiita IGG, huwa ya mwisho kutajwa. Nikiitaja mimi, wananiuliza, "Hao si wa kukamata wezi wakubwa wa Kampala?"

Hapo ndipo haki yetu inapotuponyoka. Ibara ya 225 ya Katiba ya 1995 haikuipa ofisi hiyo vita dhidi ya ufisadi peke yake. Inaitaka pia isimamie haki katika utawala, ichunguze uamuzi wa afisa wa umma, hata jambo alilopaswa kulitenda akaliacha. Kwa hiyo jalada la pensheni lililolala kabatini, bila mtu kuiba hata shilingi moja, ni shughuli ya IGG. Na kupeleka lalamiko hakuna malipo.

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia akiwa amechoka kabisa. Pensheni yake ilikuwa imesimamishwa, na wilayani (sitaitaja) kila akienda anaambiwa arudi wiki ijayo. Alitaka niandike kwamba afisa fulani amekula pesa zake. Nikamuuliza, "Mzee, ulimwona akizila, au una karatasi yoyote?" Alikasirika, akasema hata mimi nimeshanunuliwa. Nilimpa kiti, tukaanza upya: ulistaafu lini, malipo yalikoma mwezi gani, ulimwona nani, alikwambia nini, una nakala zipi, unataka utendewe nini. Kurasa za hasira zikawa ukurasa mmoja, tukaupeleka ofisi ya IGG ya hapa Arua pamoja na nakala za barua zake.

Ofisi ile haikumwamini yeye moja kwa moja, wala haikuiamini wilaya. Iliitaka wilaya ijieleze, ikamwita mwalimu naye. Ikaonekana kwamba tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho chake cha taifa haikulingana na ile iliyo kwenye barua yake ya ajira. Kumbe kulikuwa na sababu ya kusimamisha malipo! Lakini hakuna aliyemwambia, wala aliyemweleza kwamba alete hati ya kiapo. Wilaya ikaagizwa imwandikie anachotakiwa kuleta. Alipokileta, akalipwa pamoja na malimbikizo. Kuhusu madai ya wizi, aliandikiwa waziwazi kwamba ushahidi haukupatikana.

Sehemu hiyo ya mwisho hakuipenda. Mimi ndiyo iliyonipa imani zaidi, kwa sababu afisa naye ana jina na watoto, na tuhuma isiyo na ushahidi haiwezi kubaki imemning'inia kwa sababu tu mlalamikaji ana shida ya kweli. Mtu akishindwa sehemu ya lalamiko lake huku akielezwa kwa nini, anaenda nyumbani akijua amesikilizwa.

Wapo wanaodhani IGG ni rufaa ya kila jambo. Siyo. Kesi iliyo mahakamani haiigusi, na hukumu ya jaji haiigeuzi. Wateja wa kesi za ardhi nawaambia mapema, wasipoteze nauli.

Majirani zetu wa Tanzania walianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, enzi za Mwalimu Nyerere, ili mwananchi wa kawaida apate pa kulalamikia viongozi. Sisi ofisi yetu ilianza 1986. Muda huo wote unatosha kwa kila mstaafu kujua mlango huu upo, ila bado wengi hawajui.

Nina maombi mawili. Kwanza, maafisa utumishi wa wilaya: mkisimamisha malipo ya mtu, mwandikieni siku hiyo hiyo sababu na karatasi anayotakiwa kuleta. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila anayefika mbele yenu haki ya kutendewa kwa uadilifu, na malalamiko mengi ninayoyapiga chapa yasingezaliwa kama barua hiyo ingeandikwa. Pili, IGG: mkishapokea lalamiko, mjulisheni mwenyewe limefika wapi, hata kama bado halijaisha. Wajane wanaotoka vijijini wananiuliza mimi, nami sina jibu la kuwapa. Bandikeni pia kwenye mbao za matangazo za kata, kwa Kiswahili na kwa Kilugbara, ni malalamiko gani mnayapokea na mtu aje na karatasi zipi.

Mpiga chapa, Arua