Risala ya Klabu ya Uraia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalamu alaikum.

Tunakukaribisha skulini kwetu. Klabu yetu ilianza na wanafunzi tisa, leo tumeshapita hamsini, na bado tunakutana chini ya mwembe.

Mheshimiwa, mwaka huu kazi yetu ilikuwa moja tu, kuijua Zanzibar yenyewe. Tulianza na bendera kwa kudhani ndiyo nyepesi. Mwenzetu mmoja akapaka buluu juu, nyeusi kati, kijani chini, akaweka brashi na kusubiri makofi. Kumbe ameisahau bendera ndogo ya Muungano, ile ya pembeni juu, upande wa mlingoti. Bila hiyo si bendera inayopepea tangu 2005. Aliirudia, lakini jina la Mlingoti limeshamganda.

Serikali haikutupa tabu sana. Rais wa Zanzibar ndiye Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, na Makamu wake wawili wametokana na kura ya maoni ya 2010. Sheria hutungwa Chukwani, katika Baraza la Wawakilishi lililoanza 1980. Tulipokwama ni kwenye Muungano: lipi letu, lipi la pamoja? Mwalimu akatoa noti mfukoni. "Hii ya Muungano," akasema, kisha akagonga dawati, "na hili la SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar." Hatukuuliza tena.

Jiografia nayo ilitushangaza. Bahari iliyopo kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, na zamani palikuwa nchi kavu. Mkondo wa Pemba unazidi mita 700, na kisiwa hicho kilijitenga na bara zamani mno kuliko Unguja. Wenzetu wenye asili ya Pemba wamelishika jambo hili na hawalisemi kwa sauti ndogo. Wanaongezea vilima na mikarafuu, sisi wa Unguja tunabaki na maweni yetu ya mashariki, ardhi ya mawe ya matumbawe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chati iliyopo ukutani kwetu inasema Wazanzibari ni 984,625. Hiyo ni sensa ya 2002. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, karibu nusu yao wakiwa Mkoa wa Mjini Magharibi. Kwa miaka 20 tumekaribia kuwa mara mbili, na ushahidi tunaukalia kila asubuhi: dawati la wawili, wanafunzi wanne, na wa pembeni huandika nusu yuko hewani.

Kwa hiyo tunaomba chati na ramani mpya, madawati, na chumba cha klabu kabla mvua za masika hazijatukuta mwembeni. Pia tunaomba utusaidie tupate siku moja ya kukaa Chukwani tukasikiliza kikao cha Baraza. Mlingoti ameahidi kuichunguza bendera ya pale vizuri.

Tunaomba kuwasilisha.