Kilomita tatu za kutembea kwenda shule kwa mtoto wa miaka sita, au ni mimi mwoga tu?

Shangazi salamu nyingi kutoka Malaba, upande huu wa Uganda. Naomba unipe nafasi kidogo maana hii kitu imenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, na nyumbani tukianza kuiongelea tunaishia kununiana, baba watoto anageukia ukuta analala.

Niko na watoto wawili, msichana wa miaka tisa yuko P4, yaani darasa la nne, na kijana wa miaka sita ameanza P1 mwaka huu. Wanasoma shule ya serikali, hii ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi bila ada, iko upande wa pili wa barabara kubwa ya Tororo. Mimi nina kibanda, nauza posho (ugali), maharage na chapati kwa madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri mi niko kwa moto tayari. Baba yao ni tanboi, yaani utingo wa lori, wanapeleka mizigo mpaka Juba, anaweza kukaa wiki mbili hajaonekana.

Sasa Jumatano moja saa nane kasoro hivi niko napakua chakula, nikaona tanboi mmoja simjui kabisa anakuja amemshika mtoto mkono, anauliza watu "huyu ni wa nani hapa?" Kuangalia ni wangu! Shati limetoka nje, kiatu kimoja amevaa kingine amebeba. Kumbe P1 huwa wanatoka saa saba na dada yake anatoka saa kumi, na tulikuwa tumeelewana akae kwa varanda ya shule amngoje, lakini siku hiyo njaa ikamshinda akaamua aje mwenyewe. Huyo tanboi alimkuta amesimama katikati ya trela mbili zilizopaki pale kwa foleni. Nikamuuliza mwanangu ulikuwa unafanya nini pale, akaniambia "mama nilikuwa nangoja malori yaishe."

Malori ya Malaba yaishe, jamani. Nilicheka alafu nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Kesho yake nikamwachia jirani moto nikawafuata asubuhi kwa nyuma, sikutaka wanione, na simu nimeweka ile ya kupima njia. Kutoka mlangoni kwetu mpaka geti la shule ni kilomita 2.9. Mi mwenyewe hiyo nafika kwa dakika thelathini na tano nikiharakisha, lakini wao walitumia dakika hamsini na nane, nilihesabu. Kijana anasimama kila mahali, mara kokoto imeingia kwa kiatu, mara mbuzi wa watu amejifunga kamba, mara anataka kukojoa, na dada yake anamvuta, anamwambia tutachapwa. Na kweli wakichelewa wanachapwa, na hiyo sheria ilishakataa, toka 2016 sheria ya watoto iliporekebishwa viboko shuleni havikubaliwi, lakini ukienda kusema wanakuangalia tu vile unaongea. Hiyo tuiache, ni barua nyingine.

Kengele ni saa moja na nusu, so wanatoka nyumbani saa kumi na mbili na robo. Na kama unakaa huku mashariki unajua mwezi wa pili jua linachelewa, saa hiyo bado ni giza, wanaenda na kitochi cha simu ya kabambe ambayo haina hata laini. Kilomita mbili za kwanza sina neno nazo, ni njia ya miguu inapita kwenye mihogo ya watu, kila mtu anawajua, mzee mmoja huwasalimia kila asubuhi kwa Kiteso. Tatizo langu ni pale wanapofika kwa lami.

Nilijificha kwa duka nikaangalia wanavyovuka. Foleni ya trela imesimama upande mmoja, upande mwingine matanki ya mafuta yanakuja, na katikati ya malori na malori boda zinapenya bila hata kupiga honi. Dada mtu akachungulia mara moja, akachungulia mara ya pili, akamshika mdogo wake sio mkono, ni begi, akamvuta mbio. Kijana kichwa chake hakifiki hata juu ya bampa ya ile trela. Na baba yao mwenyewe, ambaye ndiyo kazi yake, aliwahi kuniambia dereva akikaa juu kule mtu akisimama karibu na pua ya lori hamwoni kabisa, ndiyo maana wao matanboi hushuka chini kuongoza. Anajua! Lakini nikimwambia watoto wasivuke peke yao ananijibu nimewafundisha wapite nyuma ya lori sio mbele. Na lori likirudi nyuma je?

Yeye hoja yake ni moja tu, eti sisi tulitembea. Ni mtoto wa UPE wa kwanza kabisa, ile 1997 serikali ilipoanza kulipia watoto wanne kwa kila familia, mzee wao akawapeleka wote wanne siku moja, na walikuwa wanatembea kilomita sita bila viatu, hiyo hadithi nimeisikia mpaka naweza kuisimulia mimi. Nilikuwa nakosa cha kujibu mpaka mama mkwe alipokuja Pasaka. Tukiwa tunamenya viazi nikamuuliza, mama, kwani huyu alianza P1 na miaka mingapi? Akahesabu kwa vidole akaniambia alikuwa kama wa miaka kumi, maana kabla ya hapo hawakuwa na hela ya shule. Kumi! Na njia yao ilikuwa ya mashambani, gari walikuwa wanaliona siku ya soko. Nilipomwambia mume hilo akasema nimeanza kuchunguza maisha yake.

Nikamwandikia binamu yangu ako Uingereza anahudumia wazee kule Leeds, nikamuuliza wenzetu huko wanapimaje. Akaniambia kule kuna kipimo cha sheria, mtoto chini ya miaka minane ni maili mbili, yaani kilomita tatu na kidogo, na kuanzia minane ni maili tatu, ikizidi hapo na hiyo ndiyo shule ya karibu inayomfaa basi serikali ya mtaa inamsafirisha bure. Nikafanya kosa la kumsomea mume hiyo meseji. Akafurahi sana, "si umeona, hata kwa Wazungu 2.9 iko ndani!" Hakungoja nimalize. Sababu binamu aliendelea kusema kwamba hiyo maili mbili wanahesabu mtoto akiwa na mtu mzima wa kumsindikiza kama inahitajika, na njia ikiwa ya hatari hawaangalii tena umbali. Hapa kwetu tunaambiwa tu kila parish, yaani vijiji kadhaa pamoja, iwe na shule ya msingi ya serikali, na yetu ndiyo hiyo, ila kati yetu na shule ndiyo iko hiyo lami.

Sasa nimejaribu kufikiria njia zingine. Boda, nimeongea na kijana mmoja hapa stejini, asubuhi anawapeleka wote wawili kwa elfu mbili na mchana anamrudisha mdogo kwa elfu moja. Elfu tatu kwa siku, muhula wa wiki kumi na tatu ni 195,000. Na bado wiki hiyo hiyo nikamwona huyo huyo kijana amepakia wanafunzi wanne, mmoja amekaa kwa tanki mbele, na sheria inasema abiria ni mmoja. So nitakuwa nalipa hela ili hatari ihame tu kutoka miguuni iende kwa magurudumu.

Kuna shule ya binafsi mita mia saba kutoka kwetu, haivuki lami, P1 wanakunywa uji na wanakaa mpaka saa kumi. Ada ni 230,000 kwa muhula, huku UPE ninatoa kama elfu arobaini za chakula na vitu vidogo. Tofauti ni 190,000, yaani hiyo hela ya boda inaweza kumhamisha kijana! Lakini kumhamisha wote wawili siwezi, na nikimhamisha mmoja dada mtu ataenda peke yake gizani, na tayari ameniuliza, "kwa hiyo mimi ndiyo wa malori?" Sikuwa na jibu.

Nimefikiria pia tuungane akina mama wa huku, tuko saba watoto wetu wanapita njia hiyo hiyo. Kuna jajja mmoja, bibi wa hapa kijijini, bado ana nguvu, tumlipe kila mmoja mia tano kwa siku awapeleke kwa kundi asubuhi na arudi saa saba kuchukua wa P1 na P2. Watano wamekubali. Mmoja akauliza swali likatunyamazisha wote, siku mtoto akigongwa akiwa na jajja, kesi ni ya nani? Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, akasema tuandikishane kwa karatasi. Jajja aliposikia karatasi na polisi akasema basi yeye arudi kwa mihogo yake.

Shangazi na nyinyi wasomaji mliolea watoto kando ya barabara kubwa, Busia, Lukaya, Elegu, popote, mtoto wenu mlimwachia avuke peke yake na miaka mingapi? Kuna mahali mmefanya hiyo ya kumlipa mtu awasindikize na ikadumu, na mliandikaje hayo makaratasi bila kumtisha mtu? Na kama ungekuwa wewe na 190,000 mkononi na watoto wawili, ungeanza na nani? Mume anarudi kutoka Juba Ijumaa, nataka nikiongea naye safari hii niwe na kitu cha kumwonyesha. Kwa sasa nafunga kibanda saa saba kasorobo kila siku naenda kumchukua kijana, na wateja wa mchana wameshahamia kwa jirani.

Mama wa Wawili, Malaba