Reli ya bustani: kabla hujanunua

Hamjambo wana Kisumu. Mnaoanza reli ya bustani, yaani treni ndogo za mfano za kuendesha nje uani, chukueni reli ya upana wa milimita 45, kipimo 1:22.5 (treni ndogo mara 22.5 kuliko ya kweli), kinacholingana na reli ya upana wa mita moja iliyofika hapa 1901. Kona ya nusu kipenyo sentimita 60 hufaa injini fupi tu. Mabehewa marefu yataanguka. Mkiwa na uwanja wa mita 3 kwa 3, wekeni kona ya nusu kipenyo mita 1.2.

Umeme wa kupitia relini, hapana. Mvua na vumbi huacha tabaka juu ya reli, injini inasitasita, na mtasugua kila wikendi. Tieni betri ya lithiamu ya seli 4 (volti 14.8) ndani ya behewa, na rimoti. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Chaja iwe ya lithiamu, ya betri ya gari msiiguse!