Kozi huria za mtandaoni bila wakufunzi: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, tunakuandikia kuhusu mipango ya kuhamishia masomo ya mwaka wa kwanza kwenye kozi huria za mtandaoni. Kozi hizi tunazitengeneza na tunazithamini, ndiyo maana tunaomba fedha itengwe kwanza kwa wakufunzi na mitihani, kisha kwa video.

Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walipofungua somo la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa kila mwenye intaneti, walijiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata yakazaliwa majukwaa ya kozi za mtandaoni, Coursera na edX, na dunia ikaamini kwamba uhaba wa vyuo umepata dawa. Waliomaliza somo lile la Stanford walikuwa kama 23,000. Ni wengi kwa somo moja, lakini waliobaki njiani ni wengi zaidi. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha uchambuzi wa kozi za mtandaoni za vyuo vya Harvard na MIT: zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kuingia kwenye somo, na mwaka wa masomo 2017-18 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3.

Wanaoumia kwanza ni wale ambao mpango unataka kuwasaidia. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha San Jose State, Marekani, kilijaribu masomo ya mtandaoni ya hisabati na takwimu pamoja na Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wamekwisha kuanguka hisabati ya msingi. Ufaulu ulikuwa mdogo kiasi kwamba majaribio yalisitishwa mwaka huohuo.

Kukwama kwenyewe huanza kimyakimya. Mwanafunzi haelewi hatua moja ya kanuni, anauliza kwenye ukumbi wa majadiliano, swali lake linazama chini ya mengine mia mbili. Anarudia video ileile mara tatu, nayo inamweleza kwa maneno yaleyale. Wiki ya pili haonekani tena.

Kwa hiyo tunapendekeza mkufunzi mmoja kwa wanafunzi 30. Kusahihisha zoezi moja la kila mwanafunzi kwa dakika 10 ni saa 5 kwa wiki, na saa hizo zilipwe, zisiongezwe juu ya mzigo wa mhadhiri aliyeko. Siku ya tano ya kozi mkufunzi aangalie nani hajawasilisha zoezi la kwanza, ampigie simu siku hiyohiyo. Akingoja mtihani wa katikati ya muhula, amekwisha kumpoteza.

Kuhusu bando: saa moja ya video ya megabiti 1.5 kwa sekunde hula takriban megabaiti 675, ilhali sauti peke yake ya kilobiti 64 haifiki megabaiti 30. Kila mhadhara upakulike, uwe na toleo la sauti na maandishi, na video zikatwe vipande vya dakika sita hivi.

Seneti ya chuo iidhinishe uzito wa kozi kwenye shahada kabla ya usajili, na mtihani wa mwisho ufanyike mbele ya msimamizi, kwa kitambulisho. Bila hayo mwanafunzi atabaki na cheti ambacho idara yake haikitambui.

Mikataba nayo isomwe kwa makini. Neno "huria" mara nyingi linahusu kujiandikisha tu. Kunakili, kutafsiri na kuhifadhi masomo huwa kumezuiwa. Mwaka 2021 edX iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 2U ikakimbilia ulinzi wa mahakama kwa uzito wa madeni. Chuo kiwe na nakala zake na haki ya kuzitumia, jukwaa liuzwe au lifungwe.

Mheshimiwa, ripoti ya kwanza utakayoletewa itakuwa na idadi ya waliojiandikisha. Tunaomba uirudishe, udai idadi ya waliowasilisha zoezi la wiki ya kwanza, na waliofikiwa kwa simu miongoni mwa wasiowasilisha.

Wako katika kazi,
Wakufunzi na watayarishaji wa kozi za mtandaoni