Mwulize Anakula Nini

Gazi, Kwale

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisoma mara mbili hapo barazani huku namenya muhogo. Alhamdulillahi mtoto amepona. Lakini pale ulipoandika kwamba umechoka, kwamba kila ukianza habari ya mikoko, hii miti yetu ya matope ya baharini, mtaani kwenu watu wanashika simu zao, na bwana mmoja akakwambia "mazingira hayaliwi", pale palinigusa. Leo nimeketi nikujibu kwa kirefu.

Huyo bwana usimkasirikie. Mwulize yeye anakula nini.

Nakwambia hivyo kwa sababu yamenipata. Niliwahi kusimama mbele ya kina mama wa kikundi chetu, karatasi mkononi, nikawasomea habari za hewa ukaa, ile gesi ya moshi inayoipasha dunia joto. Walinisikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Wiki iliyofuata tulikuwa hao hao tunachambua dagaa, bibi mmoja akasema tu, "Zamani kaa tukiwaokota hapa nyuma ya nyumba." Ebu! Kila mtu akawa na lake. Huyu akataja kamba, yule akakumbuka minazi ya babake iliyoanguka mmoja mmoja baharini ufuo ulipoliwa. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi. Yote yale walikuwa nayo vifuani, na mimi na karatasi yangu sikuwahi kuwauliza.

Wazee wa hapa wanakumbuka vizuri miaka ya 1970, mikoko ilivyokatwa kwa wingi ikawa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Sehemu zikabaki uwanda, mchanga ukaanza kuhama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa bahari wakaanza kupanda upya pamoja na wanakijiji, na mwaka 2013 vijiji vyetu viwili, Gazi na Makongeni, vikaanza mradi wa Mikoko Pamoja. Tunalinda hekta 117, na ile hewa ukaa inayozuiliwa na miti inauzwa ng'ambo kwa watu wanaotaka kufidia moshi wao. Pesa zikirudi, wanakijiji wenyewe ndio wanaosema ziende wapi. Zimeingia kwenye maji, zimenunua vitabu vya shule. Basi ukiulizwa faida, anza na bomba. Mama anayejaza ndoo karibu na nyumbani hahitaji hotuba, na jirani yake atamwuliza maji haya yametoka wapi. Hapo ndipo habari ya hewa ukaa inapopata pa kuingilia.

Ila bomba peke yake halitoshi. Mtu anayejenga anataka boriti. Ukimkataza kukata mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, na huna mti mwingine wa kumpa, umemwambia alale nje, na usiku atakwenda na panga lake. Hapa ilibidi ipandwe mivinje nchi kavu, ikue upesi, itoe miti ya kujengea na kuni. Hilo nakuomba ulitangulize kabla ya mkutano mwingine wowote: mmewaandalia nini wanaokata?

Tena hao wanaokata ndio walimu. Nakwambia kosa letu lilivyokuwa. Kikundi chetu kilipanda mbegu za mkoko pale mbele kwenye mchanga, panapopigwa na mawimbi, kwa sababu ni karibu na pameonekana peupe. Wageni walikuja, picha zikapigwa. Kusi, ule upepo wa kusini, ilipoingia, bahari ilizing'oa karibu zote. Nililia, shoga yangu. Waliokuwa wakitupinga wakasema, si tuliwaambia? Tukaenda kwa mzee mmoja aliyekata miti maisha yake yote, fito, pau, boriti, nguzo, kila unene anaujua kwa kuushika tu. Tukamwambia tumekosea, tufundishe. Akatuchukua maji yalipotoka, akatuonyesha kila aina na mahali pake: mbele kabisa huko ni kwa mlilana, nyuma yake ndipo mkoko unapokaa na matope yake, mkandaa unapenda juu zaidi, na mchu utaukuta pande zote mbili, karibu na bahari na hata huku nchi kavu. Tangu siku ile anakuja kila tukipanda, na wanawe wanakuja. Kukiri kosa mbele za watu kulitupa masikio ambayo sikuyapata kwa mwaka mzima wa kusema.

Mbegu yenyewe alituonyesha hivi. Ile ya mkoko ni ndefu, ya kijani, imening'inia kama bamia kubwa. Usiivute kwa nguvu. Tazama juu pale inaposhikana na kikofia chake: pakiwa na shingo ya manjano, imekomaa, ukiigusa inakuja yenyewe mkononi. Ukiona inakataa, iache, bado inanyonya kwa mamake. Kisha unaididimiza kwenye tope, theluthi moja tu, imesimama wima, kichwa juu. Matope yatakufika magotini, yananuka mayai viza. Usiyachukie. Sehemu kubwa ya hewa ukaa inayozuiliwa na mikoko imelala humo humo ndani ya matope, si kwenye majani unayoyaona.

Sasa nakutaka uje. Panda basi la Mombasa, ukishavuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga mwambie utingo akushushe njia panda ya Gazi, nitakuwa hapo. Chagua siku za bamvua, maji yatoke mbali tupate muda. Kina mama wa hapa wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, tutatembea taratibu, kisha wali wa nazi na samaki. Uje na leso kuukuu ya kuingilia matopeni. Na ukiweza, mlete na yule bwana wa "hayaliwi". Nitamkalisha na mzee wetu, wao wazungumze, mimi na wewe tukae pembeni.

Kabla ya safari nifanyie jambo moja. Maji yakitoka huko kwenu, nenda ukatazame ni mti gani umesimama mbele kabisa upande wa bahari, na uwaulize wavuvi wanauitaje. Niandikie jina hilo.

Wasalimie wote nyumbani.

Shoga yako wa Gazi