Barua kwa mdogo wangu aliyeacha funguo juu ya boneti

Mdogo wangu,

Tangu ile Jumatatu baada ya harusi hujaniamkia. Simu yangu hupokei, ya mama unapokea, na salamu zako nazipata kwa mkeo kama mtu wa mbali. Basi nimekuandikia hapa, maana najua huwa unapita kimyakimya, unasoma, huachi neno.

Nianze na haki yako, usije ukasema nakusingizia. Lile neno unalojitetea nalo kwa kulipita basi la shule, hukulitunga. Kwamba barabara ikiwa na njia ya katikati ya kukunjia kushoto, basi la shule la upande wa pili halikuhusu: hiyo ilikuwa sheria ya huku Georgia, Marekani, kweli. Waliandika hivyo mwaka 2018, wakaona balaa lake, na Februari 2019 wakaifuta. Aliyekufundisha udereva alikaririshwa katikati ya miezi hiyo, akabaki nayo kichwani, akakurithisha. Hakuna ofisi iliyomwita kumwambia mambo yamebadilika. Huku sheria za barabarani zinapokezanwa kama dawa za tumbo, kila mtu na ya shangazi yake.

Ila kitabu cha udereva nilikupa. Kilikaa juu ya friji yako miezi mitatu kimefunikwa na kadi za mwaliko.

Ilivyo sasa ni hivi. Basi likiwasha taa za rangi ya chungwa, unapunguza na kujiandaa kusimama. Likiwasha nyekundu na kufungua ule mkono wenye alama ya stopu, wanasimama wote wa nyuma yake na wote wanaokuja kutoka mbele, hata kama kati yenu kuna njia ya kukunjia. Kinachokuruhusu kuendelea upande wa pili ni kitu kinachotenganisha barabara chenyewe: ukuta, tuta, ukanda wa nyasi. Mistari ya njano ni rangi tu, na gari linapita juu ya rangi. Ukikutwa na hatia ni pointi 6 kwenye leseni, na tangu Julai 2024 ni faini isiyopungua dola 1,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Walikaza hivyo baada ya mtoto wa miaka 8 kugongwa akivuka kwenda kupanda basi lake.

Sasa ile Jumatatu. Buford Highway, njia tatu huku, tatu kule, moja katikati. Bango linasema maili 45 kwa saa, wewe uko 54. Bibi mbele na tasbihi yake, mkweo nyuma pamoja nami. Basi lilikuwa limeshasimama upande wa pili, nyekundu zinawaka. Magari mawili mbele yako yakasimama. Na wewe, mdogo wangu, ukatazama kioo, ukawasha indiketa vizuri kabisa kama uko kwenye mtihani, ukahamia njia ya kulia, ukayapita.

Nilichokiona mimi wewe hukukiona, kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye kioo. Kulikuwa na mtoto wa kiume, begi la bluu kubwa kuliko mgongo wake, mguu mmoja kwenye ngazi ya mwisho ya basi na mwingine hewani. Dereva wa basi, mama mmoja mnene, alikuwa ameinua kiganja kumzuia na mkono wa pili uko kwenye honi. Mtoto akaurudisha mguu ndani.

Halafu ukasema, "Mbona hakuna aliyevuka?"

Hapo ndipo nilipokwambia uingie kituo cha mafuta na ushuke. Nakiri sauti ilipanda. Nakiri mkweo alikuwepo. Ukashuka, ukaweka funguo juu ya boneti, hukunipa mkononi, ukaenda zako kwa miguu kando ya barabara isiyo na hata njia ya waenda kwa miguu pale. Bibi akaniuliza, "Kafanya nini mjukuu wangu?" Mtu aliyezoea daladala za Tanga hakuona kosa lolote.

Unasema nilikudhalilisha ilhali una leseni kama mimi. Leseni unayo, sibishi. Tuitazame basi hiyo leseni. Mtihani wa maandishi una maswali 40: ishirini ya sheria, ishirini ya alama, na kila fungu unatakiwa upate 15. Maana yake unaweza kukosa sheria tano nzima na bado ukapita. La basi la shule likiwa mojawapo ya hizo tano, hakuna atakayerudi kukufundisha. Kisha mtihani wa gari: kurudi nyuma moja kwa moja, kupaki kati ya magari mawili, kugeuza gari, kukunja, kusimama, alama 75 kwa mia. Unaweza kufanya yote hayo bila kuguswa na mwendo wa barabara kuu, bila mvua, bila usiku.

Watoto wa miaka 16 na 17 wanadaiwa darasa la saa 30, na saa 40 za kuendesha na mtu mzima pembeni, sita kati ya hizo usiku. Ndiyo Sheria ya Joshua hiyo. Wewe uliingia nchini na miaka 26, kwa hiyo hawakukudai darasa wala saa moja ya mwalimu. Wanadhani mtu mzima ameshajua. Ameshajua kwa wapi, wakati kwetu tunakaa kushoto na kukunja kulia ndiyo kukatiza njia ya wenzio, na huku mambo yote kinyume? Aprili 2020, wakati wa korona, gavana aliondoa hata huo mtihani wa gari, vijana karibu 20,000 wakapata leseni kamili bila kukaa na mkaguzi. Serikali ikazomewa, ikageuza, ikawaambia vijana hao warudi kupimwa kabla ya Septemba kuisha. Kwa hiyo usinionyeshe kadi. Kadi inasema umetimiza walichotaka, na walichotaka ni kidogo.

Halafu ile hesabu yako ya kwenda 54 kwenye bango la 45. Najua ulikoitoa, maana hata vijana ninaowaandaa kwa mtihani wanakuja nayo wameikariri kabla ya alama ya stopu. Georgia, askari wa kaunti au wa mji akikupiga tochi ya kupima mwendo hawezi kukufungulia kesi mpaka uzidishe zaidi ya maili 10. Tena gari lake lazima lionekane kwa umbali wa futi 500, asijifiche kichakani kama wale wa njia ya Segera. Na ukizidisha maili 14 au pungufu, hata ukiandikiwa, pointi ni sifuri. Zikijaa 15 ndani ya miezi 24 ndipo leseni inasimamishwa, na kila miaka mitano unaweza kukaa darasani saa sita ukapunguziwa mpaka saba. Ukijumlisha hayo yote unaona kwa nini barabara ya 45 nzima inakwenda 55. Bango linasema jambo moja, tochi jingine, na watu wanaisikiliza tochi.

Yaliyobaki hawakukwambia. Askari wa jimbo hafungwi na hizo maili kumi. Eneo la shule halimo kwenye msamaha huo, saa moja kabla ya masomo mpaka saa moja baada ya kutoka. Mitaa ya makazi haimo. Na ukifika 85 popote, au 75 kwenye barabara ya njia mbili, jimbo linaongeza dola 200 juu ya faini ya mahakama, na barua yake inakuja kwa posta baadaye, kwenye anwani uliyohama. Usipolipa leseni inakwenda, wewe unaendelea kuendesha hujui.

Breki nazo hazijui mambo ya tochi. Chukua lami kavu na tairi nzima. Kwa 45, yaani kilomita 72 kwa saa, sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 30, breki zinakula 29 hivi. Umesimama kwenye 59. Kwa 55, kushtuka peke yake ni mita 37, breki 43, jumla 80. Umeona hizo 21 za ziada, ukasema si nyingi. Usiitazame hivyo. Pale mwenzio wa 45 alipokwisha kusimama, wewe wa 55 bado unakwenda kilomita 62 kwa saa. Mtoto aliyekuwa mita 60 mbele yenu, mwenzio hamgusi, wewe unampiga kwa mwendo wa daladala iliyochanganya. Hiyo ndiyo thamani ya maili kumi za bure.

Na zile tairi zako, tufungue na hilo. Hapa hakuna ukaguzi wa usalama wa gari, hakuna. Kaunti 13 za Atlanta wanapima moshi tu. Moshi wako ukiwa safi, hata breki zikilia kama mbuzi wanakupitisha na kukutakia wiki njema. Chukua sarafu ya huku ya senti moja, ile yenye picha ya Lincoln, mchomeke kichwa chini kwenye mfereji wa tairi. Ukiona nywele zake zote, mfereji umeshuka chini ya milimita 1.6, badilisha. Ya mbele kushoto ya kwako niliitazama pale kituo cha mafuta nikiwa nimeshika funguo zako. Nywele zote zilikuwa nje. Pima ndani na nje ya tairi, si katikati tu. Ikiwa imekwisha upande mmoja, gari linahitaji kupangwa magurudumu, la sivyo utanunua mpya ikaishe vilevile.

Mama anasema ningesubiri tufike nyumbani, nikuite chumbani. Labda. Ila mtu akiambiwa jioni kosa la mchana analiona ni maneno ya dada, na kesho anapita palepale. Trafiki hakuwepo. Kamera kama ilikuwepo, ingekuletea bahasha wiki tatu baadaye. Polisi wa huku wakikusimamisha mara nyingi ni onyo tu na siku njema. Nani mwingine angekwambia siku ileile? Mkweo? Alikuwa anatafuta mkanda. Wala sikupandisha sauti ili wasikie. Nilipandisha kwa sababu ya ule mguu.

Funguo hukuzichukua kwangu, ulimtuma shemeji. Sawa. Lakini nilifurahi kuona juzi, kwenye ile picha aliyorusha, kwamba tairi ya mbele ni mpya. Nikaikuza picha kuhakikisha.

Bibi anaondoka Alhamisi. Ndege ni ya jioni, kwa hiyo kutoka kwangu ni saa nane na nusu mchana, na saa hiyo mabasi ndiyo yanashusha. Amesema anataka apelekwe na mjukuu wake, si teksi. Njia ni ileile. Njoo na gari lako, mimi nitakaa nyuma.